Kilomita Moja kwa Mwaka: Hesabu ya Wakulima wa Kwanza Waliofika Kisarawe

Limbo, katika Wilaya ya Kisarawe, ni miongoni mwa sehemu kongwe zaidi za kuyeyushia chuma zinazojulikana katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwanaakiolojia Felix Chami alipachimba katika miaka ya 1980, akapaandikia tasnifu ya uzamili iliyokamilika mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, na miaka minne baadaye akatoa makala juu yake katika jarida la Azania. Ardhi ya pale ilitoa mavi ya chuma kwa wingi, pamoja na vigae vya vyungu vyenye midomo iliyochongwa kimshazari na kutiwa michirizi. Vipimo vya kaboni vinaiweka kazi ya wahunzi hao katika karne zinazozunguka mwaka 1 BK. Vyungu vya namna hiyo huitwa vyungu vya Kwale, kwa kuwa vilielezwa kwanza na Robert Soper mwaka 1967 kutokana na uchimbaji wake huko Kwale, kusini magharibi mwa Mombasa. Wenye vyungu hivyo ndio wanaohesabiwa na wataalamu wengi kuwa wakulima wa kwanza wa ukanda huu, waliokuja na mtama, kunde, shoka la chuma na lugha za Kibantu.

Vyungu vya Kwale vina ndugu wakubwa. Kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kagera na Rwanda hadi Nyanza ya Kenya, vimefukuliwa vyungu vya Urewe, vyenye umri mkubwa zaidi na mapambo yanayofanana navyo. Mchungaji Walter Owen pamoja na Mary na Louis Leakey walivieleza mwaka 1948, na baadaye Peter Schmidt akaonyesha huko Buhaya kwamba waliovifinyanga walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Kutoka Bukoba hadi Kisarawe ni karibu kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Haielekei kwamba kundi moja la watu lilifunga safari nzima likijua linakokwenda. Ni mpigo gani basi wa maisha ya kawaida, wa kuzaa, kuoa, kufyeka pori na kuhamia konde jipya, ulioweza kuifikisha jamii ya wakulima kutoka ziwani hadi baharini, na kwa muda gani? Swali hilo wanahisabati wanaweza kulisaidia, na msaada wao umekuwa mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Chombo chao kilibuniwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1937 Mwingereza Ronald Fisher alitaka kujua jeni yenye manufaa inaeneaje katika watu waliotapakaa kwenye ardhi. Mwaka huohuo Warusi watatu, Kolmogorov, Petrovsky na Piskunov, waliufikia mlinganyo uleule kwa njia yao. Mwaka 1951 John Skellam aliutumia kueleza jinsi panya wa majini kutoka Amerika, waliotoroka karibu na Prague mwaka 1905, walivyosambaa Ulaya ya Kati. Miaka 20 baada ya hapo Albert Ammerman, mwanaakiolojia, na Luca Cavalli-Sforza, mtaalamu wa jenetiki, waliugeuzia kwa binadamu. Walikusanya tarehe za vijiji vya kwanza vya wakulima kutoka Mashariki ya Kati hadi Uingereza, wakapima umbali wa kila kijiji kutoka kilimo kilikoanzia, na wakaona kwamba kilimo kilisonga mbele Ulaya kwa wastani wa kilomita 1 kwa mwaka.

Mlinganyo wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza inahusu kuongezeka: penye watu wachache na ardhi tele, watoto wanaofikia utu uzima huwazidi wazee wanaokufa, na idadi hupanda; ardhi inapojaa, ongezeko hupungua hadi kukoma. Ya pili inahusu kuhama: kila kizazi, mtu huweka makazi mbali kidogo na alipozaliwa, bila kuchagua upande. Wapo wanaokwenda mashariki, wapo wanaorudi magharibi, na wengi hubaki jirani na wazazi. Sehemu hizi mbili zikiunganishwa, hutokea jambo ambalo hakuna iliyolisema peke yake: ukingo wa makazi husonga mbele kwa mwendo usiobadilika, ingawa hakuna hata mtu mmoja aliyekusudia kusonga mbele. Nyuma ya ukingo ardhi imejaa, kwa hiyo anayehama huchukua tu nafasi ya mwingine. Mbele ya ukingo hakuna mkulima wa kurudi nyuma. Ni pale ukingoni tu ambapo watu huzaana kwa kasi, na ziada yao humwagikia upande ulio wazi.

Hili ni tokeo zito kwa historia ya Afrika. Vitabu vya shule vilizoea kuchora mishale minene ikivuka ramani, na msomaji akajenga picha ya misafara, majemadari na vita. Hisabati inaonyesha kwamba misafara haihitajiki. Familia zinazolima kwa kuhamahama, zikiachiwa karne nyingi, zinatosha kulijaza bara.

Kasi ya ukingo hupatikana kwa hesabu fupi: zidisha kiwango cha ongezeko la watu kwa kiwango cha mtawanyiko wao, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 2. Kazi ngumu ni kupata tarakimu za kuingiza, maana wakulima wa miaka 2,000 iliyopita hawakuacha daftari la sensa. Kwa ongezeko, watafiti hutumia jamii ndogo zilizoingia kwenye ardhi tupu na kuandikwa kumbukumbu zake. Kisiwa cha Pitcairn katika Pasifiki kilikaliwa mwaka 1790 na watu wasiozidi 30, na mwaka 1856 wakawa 193. Mfano huu na mingine kama huo hutoa ongezeko la karibu asilimia 3.2 kwa mwaka, yaani watu kuwa maradufu kila baada ya miaka 22. Msomaji wa Tanzania ataitambua tarakimu hiyo: ndiyo asilimia iliyotolewa na Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 kwa ongezeko la kila mwaka tangu 2012. Sababu hazilingani, kwa kuwa ongezeko la leo limetokana sana na kupungua kwa vifo vya watoto. Lakini angalau halipo tena shaka kwamba binadamu wanaweza kuongezeka kwa kiasi hicho, na Watanzania ni ushahidi hai.

Kwa mtawanyiko, kipimo kinachotumika zaidi kimetoka kwa majirani. Wamajangir wa kusini magharibi mwa Ethiopia ni wakulima wa kuhamahama ambao makazi yao yalichunguzwa kwa makini katika karne ya 20. Kwao, wastani wa kipeo cha pili cha umbali wa kuhama ni kilomita za mraba 1,544 kwa kizazi. Ukitafuta kipeuo chake unapata karibu kilomita 39. Ukizigawanya hizo 1,544 kwa miaka 25 ya kizazi, kisha kwa 4 kama mlinganyo unavyotaka, unapata mtawanyiko wa kilomita za mraba 15.44 kwa mwaka. Zidisha kwa 0.032, chukua kipeuo cha pili, kisha mara 2: jibu ni kilomita 1.4 kwa mwaka.

Jibu hilo ni kubwa mno, na kosa lake liligunduliwa mwaka 1999 na wanafizikia wa Hispania, Joaquim Fort na Vicenç Méndez. Mlinganyo wa Fisher unachukulia kwamba mtu anaweza kuhama na kuzaa papo hapo tangu siku ya kuzaliwa. Kwa kweli mtoto hukaa kwa wazazi miaka mingi kabla ya kufungua konde lake. Fort na Méndez waliingiza ucheleweshaji huo katika mlinganyo, na kasi ikashuka kutoka 1.4 hadi kilomita 1 kwa mwaka, sawa kabisa na kilichoonekana Ulaya. Marekebisho madogo, yaliyotokana na kumkumbuka mtoto, yakaondoa karibu theluthi moja ya mwendo.

Kilomita 1 kwa mwaka ni kilomita 25 kwa kizazi. Kutoka mji wa Kisarawe hadi mji wa Kibaha, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 20 na kidogo. Kwa mujibu wa modeli, basi, ukingo wa wakulima ulihitaji takriban kizazi kimoja kuvuka nafasi ambayo leo wafanyakazi huivuka asubuhi na kurudi jioni. Aliyezaliwa siku shamba la kwanza lilipofyekwa upande mmoja angekuwa mzazi siku lilipofyekwa la upande wa pili. Mwendo kama huo usingeonekana kwa mwenyewe kuwa ni uhamiaji.

Je, ndivyo ilivyokuwa hapa? Mwaka 2019 Neus Isern na Joaquim Fort walichapisha katika jarida la PLoS ONE uchambuzi wa tarehe za akiolojia kutoka Maziwa Makuu hadi pwani ya Afrika Mashariki, na kutoka Maziwa Makuu hayohayo hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Kuelekea mashariki, yaani kwenye njia inayoishia Kisarawe na Kwale, walipata kasi ya kati ya kilomita 0.59 na 1.27 kwa mwaka. Kuelekea kusini walipata kati ya 1.50 na 2.27. Njia ya mashariki imekaa vizuri ndani ya kile ambacho hesabu ya uzazi na kuhama inaruhusu. Njia ya kusini inakwenda kwa haraka zaidi, na haraka hiyo inadai maelezo.

Maelezo yao ni kwamba wimbi la wakulima linaweza kukua kwa njia mbili. Moja ni uzazi. Ya pili ni kuwaingiza watu wengine katika kilimo: mwindaji anayeoa katika familia ya wakulima, watoto wanaolelewa mashambani, jirani anayejifunza kupanda. Kila anayeingizwa huongeza watu pale ukingoni, na ukingo hukimbia zaidi. Kusini wakulima walikutana na wafugaji ambao tayari walikuwa na mifugo na huenda walijiunga nao kwa urahisi. Hata hivyo Isern na Fort wanahitimisha kwamba pande zote mbili msukumo mkubwa ulikuwa watu wenyewe kusogea, wala si ujuzi kupita mkono kwa mkono. Matokeo ya jenetiki yanaelekea hukohuko. Utafiti wa mwaka 2017 wa mabaki ya kale, ulioongozwa na Pontus Skoglund, ulionyesha kwamba wawindaji waliokuwa wakiishi Malawi maelfu ya miaka iliyopita hawakuacha karibu damu yoyote kwa wakazi wa sasa wa nchi hiyo. Tanzania haikuwa hivyo kila mahali. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Wasandawe wa Kondoa na Chemba bado wapo na lugha zao, ushahidi kwamba wimbi lilipita pembeni mwao, likachanganyika nao, na halikuwafuta.

Nguvu ya hesabu hizi zote inategemea tarehe, na tarehe za mwanzo wa safari ndizo dhaifu zaidi. Chukua kilomita 1,000 za Bukoba hadi Kisarawe. Wakulima wakiwa wameondoka ziwani mwaka 900 KK na kufika mwaka 100 BK, kasi ni kilomita 1 kwa mwaka. Wakiwa wameondoka mwaka 500 KK, kasi inapanda hadi karibu 1.7 na hadithi inabadilika. Kwa bahati mbaya kipindi hicho ndicho ambacho kaboni hukitambua kwa shida. Kati ya mwaka 800 na 400 KK kiasi cha kaboni mionzi hewani kilibadilika kwa namna ambayo vipande vya mkaa vilivyopishana umri kwa karne kadhaa huweza kutoa kipimo kilekile. Tanuri nyingi za Urewe zinaangukia humohumo. Ndiyo maana watafiti hawashiki mahali pawili tu na kugawanya umbali kwa muda. Hupanga sehemu nyingi pamoja na kutafuta mstari unaopita katikati yake, kisha hutaja kasi kama masafa na si tarakimu moja. Anayesoma makala za namna hii na aanze kwa kuyatazama masafa hayo.

Modeli rahisi pia huichukulia ardhi kuwa sawa pande zote, na yeyote aliyesafiri kutoka Kibaha kwenda Dodoma anajua sivyo. Pwani hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma hupata chini ya 600. Soper alikwishaona kwamba vyungu vya Kwale hupatikana zaidi kwenye vilima na nyanda zenye mvua: Shimba, Usambara, Upare. Vilima vya Pugu na ardhi inayoelekea Limbo ni vya kundi hilohilo. Katikati ya nchi kuna vyungu vya Lelesu, jamaa wa Urewe, vinavyoonyesha kwamba wakulima waliufikia ukanda mkavu pia. Ng'ombe nao walikuwa na mipaka yao, kwa sababu mbung'o waliokaa misitu ya pwani hawakuwaacha wadumu. Modeli za kizazi kipya hushughulikia haya kwa kuupa kila mraba wa ramani ugumu wake wa kupitika, kisha kuacha kompyuta itafute njia ya wepesi. Thembi Russell na wenzake walifanya hivyo mwaka 2014 kwa eneo lote la lugha za Kibantu. Mwaka uliofuata Rebecca Grollemund na wenzake walitumia nasaba ya lugha zaidi ya 400 na kukadiria kwamba makundi yaliyoingia msitu wa mvua wa Kongo yalichelewa kwa wastani wa miaka 300 kuliko yaliyopita kwenye savana. Wasemaji wa lugha hizi hawakuwa na haja ya msitu mnene. Walifuata ardhi waliyojua kuilima.

Chakula chao nacho kinafaa kuwekwa sawa. Muhogo na mahindi, ambavyo leo ndivyo sura ya shamba la Kisarawe, vilitoka Amerika baada ya Wareno kufika. Wakulima wa Limbo hawakuvijua. Mabaki ya mimea yenyewe ni adimu, kwani punje hudumu ardhini pale tu zilipoungua bila kuteketea. Kwenye pango la Kakapel, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, kunde zimepimwa umri wa takriban miaka 2,300. Kabusanze, nchini Rwanda, mtama, uwele na ulezi vimepatikana pamoja katika karne za mwanzo za BK. Kwa pwani, ushahidi wa punje ni mdogo zaidi kuliko wa vyungu, na modeli nyingi hulazimika kuchukulia kwamba penye chungu palikuwa na shamba. Ni dhana yenye busara, lakini ni dhana.

Tatizo kubwa kwa mwendo wa kilomita 1 linatoka kusini mwa Limbo. Vyungu vya Matola, karibu na Maputo, vinafanana mno na vya Kwale, na vyenyewe ni vya karne za mwanzo za BK. Kutoka Kisarawe hadi Matola ni zaidi ya kilomita 2,000. Umbali huo ukivukwa kwa miaka 200 au 300, kasi ni kati ya kilomita 7 na 11 kwa mwaka, na hakuna uzazi wa binadamu unaoweza kuusukuma ukingo kwa mwendo huo. Lazima watu waliruka: kundi dogo linaacha eneo zima katikati, linakwenda kuanzisha makazi mbali, na nafasi iliyorukwa inajazwa baadaye. Wakulima wa Tanzania wamekwisha kuona kuruka kwa namna hiyo kwa mdudu. Dumuzi mkubwa wa mahindi, aliyeripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kubatizwa jina la Scania, hakusambaa kwa mbawa zake peke yake. Alipanda malori ya mahindi na kutokea mikoa ya mbali ghafla. Kwa wakulima wa kale wa pwani, chombo cha kurukia kinachofikiriwa kwanza ni mtumbwi. Kwenye kisiwa cha Juani, Mafia, yamechimbwa makazi ya zama hizohizo za chuma cha awali, na huko hakufikiki kwa miguu. Katika Mediterania pia wakulima wa kwanza waliofuata pwani walikwenda kwa kasi iliyo mara kadhaa ya wenzao wa bara.

Chami mwenyewe, ambaye tarehe zake zinalishwa katika hesabu hizi, haikubali picha yote. Kwa miaka mingi ametetea kwamba pwani na visiwa vilikuwa na wakulima na wavuvi kabla ya chuma, na kwamba wahunzi wa Limbo hawakuwa wageni kutoka bara bali wazao wa watu hao. Ushahidi wake umetoka kwenye mapango, hasa Kuumbi huko Unguja. Timu nyingine iliyorudi Kuumbi haikuona mifugo katika tabaka za kale, na mabishano bado yapo. Ni mabishano yenye afya, na faida ya modeli ni kwamba inayapa pande zote mbili kitu cha kupima.

Kama wimbi lilitoka ziwani, tarehe za makazi ya wakulima lazima zipungue umri hatua kwa hatua kadiri mtu anavyoelekea mashariki: Kondoa iwe kongwe kuliko Morogoro, Morogoro kuliko bonde la Ruvu kule Mlandizi, na bonde la Ruvu kuliko au sawa na Limbo, kwa tofauti ya takriban karne moja kwa kila kilomita 100. Kama kilimo cha pwani kilianzia pwani, mteremko huo utageuka, na makazi kongwe yatakuwa yale ya kando ya bahari na visiwani. Kibaha na Kisarawe ziko mahali ambapo majibu hayo mawili yanatofautiana zaidi. Mto Ruvu unaoshuka kutoka Uluguru hupita huko kabla ya kumwaga maji baharini karibu na Bagamoyo, na ukingo wa wakulima kutoka bara ungekuwa na kila sababu ya kuufuata. Kinachotakiwa ni mfululizo wa vipimo vya kaboni kando ya mto huo, vikifanywa kwenye punje za mtama au kunde zilizoungua badala ya mkaa wa mti ambao huenda ulikuwa na umri wa karne moja siku ulipokatwa.

Viwanja na barabara vinakula ardhi hiyo kwa kasi. Mavi ya chuma na vigae vilivyo sentimita chache chini ya udongo huondoka na katapila kwa siku moja, na tarehe ambayo ingeusogeza mstari wa Isern na Fort huku au kule huondoka navyo.